Kondakta na Dereva: Habari za Mwendo wa Miguu na Uhai wa Moyo

Katika kila basi la ghorofa lililopita njia za London baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwamo wafanyakazi wawili. Mmoja alikaa mbele peke yake katika kijumba kidogo kilichotengwa na abiria, mikono juu ya usukani na macho barabarani. Huyo ni dereva. Wa pili hakuwa na kiti. Kazi yake ilikuwa kupokea nauli, kukata tiketi, kutaja majina ya vituo na kupiga kengele ya kumjulisha mwenzake kwamba safari yaweza kuendelea. Na kwa kuwa abiria walikaa chini na juu, ilimpasa kupanda na kushuka ngazi tangu asubuhi hata mwisho wa zamu. Huyo ni kondakta. Watu hawa wawili walitoka katika tabaka moja, waliishi mitaa ya namna moja, walikula chakula cha namna moja, na mishahara yao haikupishana sana. Mpita njia aliyewatazama wakinywa chai pamoja kituoni hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mmoja wao amekikaribia kifo kuliko mwenzake. Hesabu ndizo zilizodhihirisha jambo hilo, na hesabu hizo zina historia inayostahili kusimuliwa, maana ndani yake mwendo wa miguu, kitu kikongwe kuliko vyote alivyo navyo binadamu, ulianza kutazamwa upya kwa jicho la elimu.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waganga wa Ulaya na Marekani walikuwa wameshikwa na bumbuazi. Maradhi ya kuambukiza yaliyokuwa yakiua watu wengi yalikuwa yanarudi nyuma kwa sababu ya maji safi, nyumba bora na dawa mpya. Walakini wanaume wa makamo, wenye nguvu zao na watoto wa kulea, walizidi kuanguka ghafula kwa maradhi ya mishipa inayoulisha moyo damu. Mishipa hiyo huziba, sehemu ya moyo ikakosa damu, na aghalabu mgonjwa hafiki hospitali. Hapakuwa na kijidudu cha kulaumiwa. Wengine walisema chanzo ni fadhaa ya maisha ya mjini, wengine wakasema ni chakula, na wengine walisema kwamba maradhi hayakuzidi ila waganga wamejifunza kuyatambua. Yafaa ikumbukwe pia ya kuwa katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walitangaza huko London uhusiano uliopo baina ya uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Ulikuwa wakati wa kuhesabu watu. Na waliojua kuhesabu vizuri walikuwa wanagundua mambo ambayo waliokaa na darubini hawakuyaona.

Mmoja wa wahesabu hao alikuwa Jeremy Morris. Alizaliwa Liverpool mwaka 1910, mwana wa wazazi Wayahudi waliohama kutoka Poland, akalelewa Glasgow katika mitaa ya watu wasio na kitu. Alisomea uganga, akatumikia jeshi la Uingereza huko Bara Hindi wakati wa vita, na mwaka 1948 akawekwa kuwa mkuu wa kikundi kidogo cha uchunguzi kilichopewa kazi ya kutazama jinsi maisha ya jamii yanavyozaa maradhi. Hakuanza na mabasi. Alianza na maiti. Hospitali moja kubwa ya mashariki ya London ilikuwa na daftari za uchunguzi wa maiti tangu mwaka 1907, na Morris alizisoma hata kufikia mwaka 1949. Alilolikuta humo lilikuwa kinyume cha matazamio. Uchafu wa mafuta unaoganda katika kuta za mishipa ya moyo haukuwa umezidi katika miaka hiyo arobaini. Watu wa mwanzo wa karne walikuwa nao kama watu wa baadaye, au hata kuwapita. Lakini vifo vya moyo vilikuwa vimezidi mno. Basi mishipa ya babu na mjukuu ilikuwa sawa, na bado mjukuu akafa kwa ugonjwa ambao babu alikuwa nao asiujue. Lazima kuna kitu katika maisha ya babu kilichomlinda. Matokeo hayo yalipochapwa mwaka 1951, Morris alikuwa amekwisha kuanza kukitafuta kitu hicho katika kazi ambazo watu hufanya kwa mikono na miguu yao.

Njia aliyoichagua ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutenda: kuchukua makundi ya watu wa kazi mbalimbali, kuhesabu mwaka hata mwaka ni nani ameshikwa na moyo na nani amekufa, na kulinganisha. Shirika la usafiri la London lilikuwa na waajiriwa wengi na daktari wake mwenyewe, Raffle, ambaye alishirikiana na wachunguzi. Wakapatikana wanaume wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64, wa mabasi, wa tramu na wa reli za chini ya ardhi, na habari zao za mwaka 1949 na 1950 zikakusanywa. Dereva alikaa karibu muda wote wa kazi. Kondakta, kwa makisio ya wachunguzi, alipanda vidato baina ya 500 na 750 kwa siku, mbali na kwenda huku na huku baina ya viti.

Makala yalitoka katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet mwezi wa Novemba 1953. Katika kila madereva 1,000, kwa mwaka, 2.7 walipata maradhi ya moyo. Katika makondakta 1,000 walikuwa 1.9. Tofauti hiyo haionekani kuwa kubwa hata mtu atazame namna ya kuugua. Kondakta aliyeugua aghalabu alianza na maumivu ya kifua, akapata nafasi ya kutibiwa. Dereva alielekea zaidi kufa papo hapo au katika siku chache za kwanza. Kwa maneno mengine, ugonjwa uliwafikia makondakta umechelewa, na ulipowafikia ulikuwa mpole.

Mtu mwenye haraka angalitoa hukumu hapo. Morris hakuitoa, na subira hiyo ndiyo sehemu bora ya habari zake. Dereva, yaweza kusemwa, hakai tu: anaendesha gari kubwa katika msongamano wa mji, roho mkononi, na yamkini fadhaa hiyo ndiyo inayomwua. Ili kulijibu neno hilo wachunguzi walikwenda kwa watu wa posta. Huko mlikuwamo wagawaji wa barua waliokwenda kwa miguu na kwa baiskeli, na mlikuwamo makarani na wapokea simu waliokaa mezani. Karani hakuendesha kitu. Hakuna mtoto aliyekatisha mbele ya meza yake. Na bado, mgawaji wa barua alisalimika kuliko karani kwa namna ile ile kondakta alivyosalimika kuliko dereva. Fadhaa ya barabarani, basi, haikutosha kuwa sababu.

Likabaki swali gumu zaidi, ambalo kila mwanafunzi wa historia hukutana nalo kwa sura yake: lipi lilitangulia? Huenda kukaa hakumdhuru dereva. Huenda watu wazito, wenye miili iliyoelekea maradhi tangu ujana, walichagua wenyewe kazi ya kukaa, na wepesi wakachagua kazi ya kupanda ngazi. Ikiwa ni hivyo, kiti cha dereva hakina kosa lolote, na ngazi za kondakta hazina sifa yoyote.

Hapa ndipo zilipoingia suruali. Shirika liliwapa wafanyakazi wake sare, na washonaji waliandika kipimo cha kila mtu kwa miaka mingi, bila kujua kwamba wanaandika kumbukumbu za elimu ya uganga. Wachunguzi walizifungua daftari hizo, wakalinganisha viuno. Mwaka 1956 walichapisha makala ambayo jina lake lilizitaja sare kwa mzaha mdogo, lakini yaliyomo hayakuwa mzaha. Viuno vya madereva vilikuwa vinene kuliko vya makondakta, na walikuwa hivyo hata vijana, ambao kazi ilikuwa haijapata muda wa kuwabadili. Mtu angeweza kudhani kwamba Morris ameibomoa nyumba yake kwa mikono yake. Alichapisha hata hivyo. Kisha walipowagawa watu kwa ukubwa wa suruali, wembamba kwa wembamba, wa kadiri kwa wa kadiri, wanene kwa wanene, waliona kwamba kifo cha ghafula kilikuwa kichache kwa makondakta katika kila kundi. Kondakta mnene alikuwa na nafasi nzuri kuliko dereva mnene, na mwembamba kuliko mwembamba. Tofauti ya maumbile ilikuwapo, lakini haikulimaliza jambo lote.

Hakuna sura katika habari hizi inayopendeza zaidi ya hii ya suruali. Wachunguzi wengi hukusanya ushahidi wa kuwasaidia. Ni wachache waendao kwa fundi cherehani kutafuta ushahidi wa kuwashinda. Mwaka 1966 kikundi hicho kilitoa hesabu nyingine, safari hii kikiwa kimepima damu ya watu wa mabasi. Shinikizo la damu na wingi wa mafuta katika damu vilionekana kuwa na neno kubwa katika kuugua, na madereva walizidi katika hayo pia. Kwa hiyo swali la lipi lilitangulia halikufa, bali lilipata ndugu.

Baina ya miaka hiyo ulifanyika uchunguzi mwingine wa maiti, uliokusanya habari kutoka hospitali za sehemu nyingi za Uingereza, za wanaume wapatao 3,800 waliokufa kwa sababu zisizohusu moyo. Ulichapwa mwaka 1958. Mishipa ya watu wa kazi ngumu ilikuwa na uchafu kama ya watu wa kazi nyepesi, isipokuwa mioyo yao haikuwa na makovu mengi. Maana yake, kutumia mwili hakukuwazuia wasipate uchafu wa mishipa, bali kuliuwezesha moyo kuishi nao. Hapo daftari za mwaka 1907 zilipata jibu lake.

Morris alijua kwamba kazi za kutumia miguu zinapungua, na kwamba punde hapatakuwa na makondakta wa kutosha kuhesabiwa. Basi akawageukia watu ambao wote hukaa: watumishi wa serikali wa daraja la kati. Baina ya mwaka 1968 na 1970 wanaume karibu 17,000 wa umri wa miaka 40 hadi 64 waliombwa, Jumatatu asubuhi, waandike kila walilofanya Ijumaa na Jumamosi iliyopita: nani alilima bustani, nani alicheza, nani alikwenda dukani kwa miguu. Kwa kuwa kazi iliwasawazisha, tofauti yoyote ilikuwa ya muda wao wenyewe. Matokeo ya mwaka 1973 yalisema kwamba waliojitaabisha kwa nguvu, hata wakatweta, hatari yao ya moyo ilikuwa kama theluthi moja ya hatari ya wengine.

Walakini ndani ya matokeo hayo palikuwa na jambo lisilofurahisha wapenzi wa matembezi. Mwendo wa kawaida, ule wa kupunga hewa na kutazama maua ya majirani, haukuonyesha faida iliyotazamiwa kwa watumishi wale. Katika uchunguzi wa pili wa namna hiyo, wa wanaume zaidi ya 9,000, uliotangazwa mwaka 1990, faida ilionekana kwa waliofanya michezo ya kutweta na kwa waliozoea kwenda upesi, yaani zaidi ya maili 4 kwa saa. Waswahili wamesema tangu zamani kwamba polepole ndio mwendo, na katika biashara na ndoa huenda maneno hayo ni ya kweli. Lakini moyo wa karani wa London haukuyakubali.

Wataalamu wengine walipunguza ukali wa hukumu hiyo. Ralph Paffenbarger wa Marekani aliwafuata wapakuzi wa meli wa San Francisco, kisha wahitimu wa chuo kikuu cha Harvard, akihesabu hata mitaa waliyotembea kwa juma na ngazi walizopanda, akaona kwamba umri uliongezeka kadiri mwendo ulivyozidi. Mwaka 1998 yalitoka matokeo ya Honolulu, na hayo ni ya kutajwa kwa sababu yanahusu wazee. Wanaume 707 wasiovuta sigara, waliostaafu kazi, wenye miaka 61 hadi 81, walifuatwa kwa miaka 12. Waliotembea chini ya maili 1 kwa siku walikufa karibu mara mbili ya waliotembea zaidi ya maili 2. Mzee wa miaka 75 hapandi basi mbio wala hachezi mpira. Anatembea, na kwa mwili wake mwendo wa kadiri ni kazi ya kutosha. Upesi, basi, hupimwa kwa mwenye miguu. Morris mwenyewe alifika hapo: mwaka 1997, akiwa na miaka 87, aliandika pamoja na Adrianne Hardman makala marefu juu ya kutembea ili kupata afya, akiusifu mwendo wa haraka kuwa zoezi lifaalo karibu kila mtu, lisilohitaji kifaa wala mwalimu, na ambalo mtu hulianza kwa kadiri anayoiweza.

Yafaa litajwe pia kwa ufupi jambo la hatua 10,000, kwa kuwa limeenea kuliko yote yaliyogunduliwa na waganga. Hesabu hiyo haikutoka kwa mganga. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kijisaa cha kiunoni cha kuhesabu hatua, ikakiita kwa Kijapani kipimo cha hatua elfu kumi. Elfu kumi ni tarakimu kamili yenye kupendeza, na kwa Kijapani ina neno lake moja. Dunia ikaishika. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walitangaza hesabu za wanawake 16,741, wengi wao wakiwa na miaka zaidi ya 70: waliopiga hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache sana kuliko waliopiga 2,700, na faida iliendelea kukua hata kufikia hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Muuza vijisaa alikuwa amekisia juu kidogo, kwa nia njema ya biashara.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki ana haki ya kuuliza haya yote yanamhusu nini. Hapa watu hawakungoja London iwaambie watembee. Kiswahili chenyewe hutenga mambo mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya. Kwenda kwa miguu ni jambo la lazima: gari hakuna, au nauli hakuna, na mahali pa kufika papo. Kutembea ni hiari: mtu hutembea jioni, hutembelea jamaa, hutembea aone. Sehemu kubwa ya historia ya nchi hizi iliandikwa na waliokwenda kwa miguu, si na waliotembea. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshuka kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na pembe za ndovu begani, na kurudi na vitambaa na shanga, alichukua mzigo upatao frasila mbili kwa safari ya miezi. Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, alikofia Mei 1873, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, njia ya zaidi ya maili 1,000. Na katika vita vya 1914 hadi 1918 watu wa makabila yote walitiwa katika kikosi cha wapagazi, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Jina la kikosi hicho limebaki Dar es Salaam katika soko la Kariakoo, ambako wanunuzi hulitamka kila siku bila kukumbuka mauti yaliyomo ndani yake.

Miguu ya wapagazi hao ilikwenda mbali kuliko ya kondakta yeyote wa London, na haikuwapa maisha marefu. Si kwamba Morris alikosea. Kondakta alipanda ngazi zake ameshiba, hana mzigo ila mfuko wa sarafu na mashine ya tiketi, na jioni akarudi kulala kitandani kwake. Mwendo humjenga mtu aliye na chakula cha kutosha na usingizi wa kutosha. Akinyimwa hayo humla. Asifuye mwendo wa miguu asipotaja hali ya mwenye kwenda anasifu nusu ya jambo, na historia ya nchi hizi inao wengi walioumia kwa nusu ya pili. Iko pia namna ya tatu, isiyo lazima wala mapumziko: Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya maili 130, na vijana katika mikoa mingi walikuwa wakifanya matembezi kama hayo kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mwendo huo ulikuwa ushahidi, na hauingii katika daftari za waganga.

Lakini ziko daftari nyingine za Tanzania zinazoingia. Mwaka 1989 McLarty, Swai, Kitange na wenzao walichapisha katika The Lancet ile ile matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 6,000 wa vijiji sita. Wenye ugonjwa wa kisukari hawakufika mmoja katika mia. Watu hao walilima kwa jembe, waliteka maji, walikwenda shamba na mnada kwa miguu. Mwaka 2000 uchunguzi mwingine ulilinganisha watu wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam na wa kijiji cha Kilimanjaro: miongoni mwa wanaume wa mjini wenye kisukari walikuwa karibu 6 katika mia, na wa kijijini hawakufika 2. Ikaulizwa tena kama zamani: lipi lilitangulia? Huenda waendao mjini ni watu wa namna nyingine. Basi wachunguzi wakafanya kwa wahamiaji kile ambacho Morris alikifanya kwa suruali. Waliwapima watu wa vijiji vya Morogoro kabla hawajahamia Dar es Salaam, wakawafuata huko mjini kwa mwaka mmoja. Matokeo yaliyotoka mwaka 2010 yalionyesha kwamba katika miezi hiyo kumi na miwili kazi za nguvu zilianguka sana kwa wanaume na wanawake, na uzito ulipanda kwa wastani wa zaidi ya kilo 2. Ni watu wale wale, wazazi wao wale wale, damu yao ile ile. Kilichobadilika ni mahali na namna ya kupita siku.

Hatari iko hapo, na si ya kubuni. Mtu aliyekuwa akienda kwa miguu kwa lazima hupata nauli, naye huihesabu nauli hiyo kuwa maendeleo, kwa haki kabisa. Hakuna awezaye kumlaumu mwanamke aliyeteka maji kwa maili 3 kwa kufurahia bomba mlangoni pake. Ila lazima inapoondoka, hiari haiji yenyewe kukaa mahali pake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za kuutumia mwili kwa kadiri, na kwenda upesi kwa miguu kumo ndani ya kadiri hiyo. Shauri hilo ni jepesi kwa aliye na njia ya kupita. Taarifa ya shirika hilo hilo ya mwaka 2015 ilihesabu kwamba katika bara la Afrika karibu watu 4 katika kila 10 waliouawa barabarani walikuwa waenda kwa miguu. Barabara nyingi zilijengwa kwa ajili ya magari, na mwenye miguu akaachiwa ukingo wa mtaro, ambao nao umekaliwa na wachuuzi wanaotafuta riziki. Kumwambia mtu wa namna hiyo atembee upesi kwa ajili ya moyo wake ni kumpa ushauri wa kweli mahali pasipo salama kuufuata, na mjenzi wa barabara ana sehemu katika uganga huo kuliko mganga.

Morris alipata heshima nyingi akiwa mzee sana. Mwaka 1996 Halmashauri ya Kimataifa ya Olimpiki iliwapa yeye na Paffenbarger tuzo ya elimu ya michezo, ajabu ndogo kwa mtu aliyeanza na daftari za maiti. Alifariki tarehe 28 Oktoba 2009, akiwa na miaka 99, na hata katika miaka yake ya mwisho alikuwa angali akifanya kazi.

Wale aliowahesabu walikuwa wamekwisha kutangulia, na si wao tu, bali kazi yao pia. Tangu miaka ya 1960 mabasi ya London yalianza kutengenezwa kwa mlango wa mbele, abiria akapita kwa dereva na kumlipa yeye, na makondakta wakapunguzwa njia kwa njia. Tarehe 9 Desemba 2005 mabasi ya zamani yenye ukumbi wazi wa nyuma yaliondolewa katika njia ya 159, ya mwisho ya kawaida iliyokuwa nayo, na watu walijipanga barabarani kuyatazama yakipita. Dereva alibaki. Tangu Julai 2014 hapokei hata fedha mkononi. Abiria hugusisha kadi yake kwenye mashine na kupita, na yeye hukaa palepale alipokaa mwenzake wa mwaka 1949, mikono juu ya usukani na macho barabarani.